Chupa ya Mwisho ya Bwana Konokono

Maiti ilikuwa imekaa kitini, kichwa kimeegemea ukuta, na juu ya kila jicho kulikuwa na gamba la konokono.

Inspekta Mahona alisimama mlangoni akavua kofia. Katika miaka ishirini na sita ya upelelezi alikwisha kuona waliokatwa panga, waliokanyagwa na tembo, na hata mmoja aliyekufa kwa kucheka kwenye harusi ya mtalaka wake. Aliyetazamwa na konokono hakuwa amemwona bado.

"Nani kamgusa?"

"Hakuna, afande. Kija, jirani yake, ndiye aliyemkuta alfajiri. Tangu hapo mlango nimeulinda mimi mwenyewe."

Aliyejibu alikuwa Mayala, katibu wa sungusungu, jeshi la jadi la ulinzi la kijiji cha Mwaluhaga. Mtu mrefu, kalamu ya wino mfukoni, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Siku nane zilizopita alikuwa amemzika bintiye, Winnie, mwenye miaka sita.

Konstebo Asumini alipiga picha, kisha akainama nyuma ya kiti. "Amepigwa kisogoni, afande. Kitu butu, kizito. Mfupa umebonyea. Mwili umekakamaa wote. Nadhani jana, kabla ya jua kuzama."

"Tafuta silaha."

"Afande," Mayala akasema, akinyoosha kidole, "silaha utaitafuta baadaye. Tazama ile chupa mezani. Mzee kaandika mwenyewe: Kisima cha Milembe, konokono wote wamekufa. Alimgundua mchawi wetu. Ndiyo maana akafungwa macho."

Nje umati ukanguruma. Kwenye kijiji kile, ndani ya wiki moja, walikuwa wamekufa watoto wawili na mchunga ng'ombe mmoja, wote kwa kutapika, kutoka jasho na kutetemeka. Sasa na mzee. Jina la Milembe lilikwisha kutafunwa likalainika.

Mahona alikodoa macho kuelekea chupa. Miwani yake ilikuwa kwenye Landrova. Akasema "Haya", akamwambia Asumini aichukue na kuitia kwenye mfuko wa vielelezo.

Marehemu aliitwa Zakaria Machibya, lakini jina hilo hata pensheni yake ilikuwa imelisahau. Kila mtu alimwita Bwana Konokono. Mwaka arobaini na saba Idara ya Tiba ya Mwingereza ilimpa kaptura, ndoo na cheo cha mkaguzi wa konokono, maana ndio wanaobeba kichocho. Wenziwe walitafuta ukarani wa mahakama. Yeye aliyapenda makonokono. Alizunguka kutoka Mkula hadi Mwanhuzi akiyaokota, akayapima, akayapanga. Wanasema aliwahi kumsimamisha bwana shauri mzima na gari lake barabarani hadi konokono mmoja avuke. Wanasema pia kuna aina moja aliyoigundua yeye, akaipeleka Ulaya, ikarudi na jina la Mzungu. Hilo la pili ni kweli.

Uhuru ulikuja, Idara ikamsahau, spiriti ya kuhifadhia ikaisha. Mzee hakubabaika. Akaanza kuwahifadhi kwenye gongo. Chupa mia nne za gongo safi zilipangwa rafuni mwake, na polisi wote wa wilaya walijua, na wote walikubaliana kuwa ile ni sayansi.

Milembe alikuwa amefungiwa kwenye ghala la pamba, mikono nyuma, kamba ya katani. Mjane mkavu wa miaka sabini, macho mekundu kwa moshi wa kuni kama wenziwe wote wa rika lake. Siku nne hakuna aliyempa hata kaa la moto la kuwashia jiko.

"Mwangaluka, mayu," Mahona akamwamkia kwa Kisukuma, kama mama yake.

"Mwangaluka, baba. Umekuja kunihoji au kunizika?"

"Kukuhoji. Mzee Machibya ulimwona lini?"

"Jana asubuhi. Kila wiki huja kuchungulia kisima changu. Nilimwambia, guku, babu wewe, kama unataka kunioa sema, usisingizie konokono."

"Akasemaje?"

"Akacheka kidogo. Halafu akasema kisima changu kizima, ila kule lamboni kuna jambo baya, na anakwenda kumwambia mwenyewe kabla ya kuwaambia nyie."

"Mwenyewe nani?"

"Hakumtaja. Alisema ni mtu mwenye msiba, lazima aambiwe taratibu." Akamtazama Mahona usoni. "Baba, baraza ni saa kumi. Wamekwisha kunoa. Nimesikia mawe tangu asubuhi."

Mahona alikuwa amesikia pia. Alikwenda kwa Masunga, mtemi wa sungusungu, akaomba apewe siku mbili.

"Siku mbili?" Masunga alisema. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu aliyechoka kuzika. "Afande, mafuta ya gari lako tumekununulia sisi. Mko wawili, na bunduki moja. Mimi nina watu mia tatu wanaoogopa kuwapa watoto wao maji. Ukileta mtu mwingine kabla ya saa kumi, tutamsikiliza. Usipoleta, nenda zako Bariadi, usitazame nyuma."

Ilikuwa saa sita kasoro.

Kwenye Landrova, Mahona alivaa miwani na kuitoa ile chupa. Ndani mlikuwa na konokono wadogo na kipande cha karatasi. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Asumini, hebu soma hapa."

"Hapasomeki, afande. Karatasi tupu. Ila gongo yake ina rangi ya buluu."

"Zile nyingine?"

Asumini alikimbia ndani, akarudi na chupa tatu. Gongo yake nyeupe kama maji ya mvua. Karatasi ya mwaka sitini na tano ilisomeka herufi kwa herufi. Na zote zilikuwa zimeandikwa kwa penseli.

"Ah!" Asumini akajipiga paji la uso. "Kalamu yangu ikivuja kwenye shati la sare, doa hulitoa kwa spiriti. Dakika chache tu, wino wote unayeyuka. Mzee hakuwa mjinga, afande. Miaka hamsini hakutia wino kwenye kilevi. Hii karatasi kaiandika mtu mwingine, jana, akatia chupani, akaondoka. Usiku kucha wino ukaogelea."

"Na asubuhi mtu akatusomea maneno yasiyokuwepo."

Wakatazamana. Konstebo alianza kutafuta pingu.

"Bado," Mahona alisema. "Atasema aliyasoma alfajiri yakiwa hayajafutika. Watu mia tatu watamwamini katibu wao kuliko mimi. Twende lamboni."

Ukingoni mwa lambo, bwawa la kijiji la kunyweshea ng'ombe, magamba ya konokono yalikuwa yametapakaa kama mahindi yaliyomwagika, nyama imeoza ndani. Aina ileile ya kwenye chupa. Hakuna chura aliyelia. Hakuna ndege. Kwenye matete Asumini alikuta debe la dawa ya kunyunyizia pamba, limekaushwa hadi tone la mwisho, na karibu yake wavu uliojaa magamba ya samaki.

Mahona alikaa juu ya jiwe. Mayala alikuwa karani wa chama cha ushirika mpaka ruksa ya soko huria ilipoingia, wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, na makarani wakapewa barua za shukrani. Toka hapo alikuwa akiuza samaki. Watu walimsifu: ameruka na wakati. Hakuna aliyemwuliza anavua wapi samaki wengi hivyo bila mtumbwi.

"Asumini, nenda kwa Mtoro hotelini. Ana sato wa ziwani, wa Kalemela. Wakaangwe, waje kwenye sinia, saa kumi kamili. Usimwambie mtu wametoka wapi."

Saa kumi uwanja ulikuwa mweusi kwa watu. Milembe alipigishwa magoti katikati. Mapanga yalilazwa majanini, makali yakiangalia upande wake. Mayala alisoma mashtaka kwa sauti nzuri ya ofisini, na mkewe, Elina, alisimama nyuma yake, kanga imefungwa tumboni kwa nguvu kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitaja jina la Milembe, siku ile ya maziko.

"Afande," Masunga akasema, "umetuletea mtu?"

"Nimewaletea chakula." Mahona alipokea sinia. "Kisima cha huyu mama nimekunywa vikombe viwili, bado nasimama. Nikaenda lamboni kwenu, nikavua. Mnatafuta mchawi na njaa tumboni? Kuleni kwanza."

Watu wakaguna. Wengine wakacheka bila furaha. Mahona alipita mbele ya wakubwa wote, akaenda moja kwa moja kwa Elina.

"Pole, mama Winnie. Wenye msiba huanza."

Elina hakuwa na akili ya kukataa. Alinyoosha mkono kama mtoto. Akamega kipande. Akakiinua.

"Usile!"

Sauti ilikuwa ya Mayala. Daftari lilianguka. Alimrukia mkewe, akampiga mkono, samaki akaruka vumbini.

Waliokuwa karibu na sinia wakajivuta nyuma.

"Kwa nini asile?" Mahona aliuliza polepole.

"Sato huyo... hajaiva."

"Ametoka Kalemela, kwa Mtoro. Ameiva kuliko wewe. Kwa nini samaki wa lambo asiliwe, katibu?"

Mayala aliinama kuokota daftari lake.

"Debe la sumu uliyomwaga lamboni ili samaki waelee tumelipata. Chupa ninayo, karatasi yake haina neno hata moja. Wino wako uliyeyuka kwenye gongo ya mzee. Ulitusomea kitu ulichokiandika, si ulichokiona. Ulimpiga na nini?"

"Kinu," Mayala akasema. "Kinu chake kidogo cha kusagia magamba. Nilikitupa lamboni."

"Alikufuata jana?"

"Alikuja akaniita kwake, akanionyesha ile chupa. Alinisemesha vizuri, ndiyo ilikuwa mbaya. Akasema, mwanangu, nilipita Jumanne konokono wakiwa hai. Jumatano wamekufa. Alhamisi mkazika. Akasema twende pamoja polisi. Nikamwomba asiseme. Akasema na watoto wengine je? Akageuka kwenda kuvaa viatu." Machozi yalikuwa yakimshuka lakini sauti ilibaki ya ofisini. "Nikamrudisha kitini. Nikamwekea magamba machoni, ili mseme ni uchawi."

"Uliogopa jela."

"Jela?" Mayala alitikisa kichwa, akamgeukia mkewe kwa mara ya kwanza. "Mama Winnie, wale niliowaacha kwenye beseni walikuwa wa kupeleka sokoni. Mimi sikuwepo. Wewe ulimpikia. Ulimlisha kwa mkono wako. Nilitaka usijue. Ukijua ni Milembe, utamchukia Milembe. Ukijua hili, ungemchukia nani?"

Asumini alimfunga pingu. Hakuna aliyemzuia. Masunga aliokota panga lake, akalitazama kama kitu cha mtu mwingine, akalichomeka kiunoni.

Elina hakulia. Alisimama akimtazama yule samaki vumbini. Kisha akavuka uwanja, hatua kwa hatua, watu wakimpisha, akapiga magoti nyuma ya Milembe na kushika kamba. Akavuta huku, akavuta kule. Mahona alitoa kisu mfukoni, lakini hakwenda.

"Polepole, mayu," Milembe akasema bila kugeuka. "Unaikaza."