Mdomo wa Nne wa Bomba la Mawe

Mzee Yonasi wa Ihanda hakuwahi kukanyaga jiko la mkwewe, hata siku za baridi kali ambapo moto uko humo tu. Ndiyo maana Atuganile alishtuka Jumatatu ile jioni. Aliinua macho kutoka kwenye sufuria ya maharage akaona miguu miwili ya kizee kizingitini, imelowa, inachuruzika, na kiangazi kilikuwa kimekausha hata majani ya kahawa.

Akageukia ukutani upesi, akajifunika khanga. Atuganile alitokea Ileje, na kwao mke hamtazami baba wa mumewe usoni. Miaka kumi na miwili ya ndoa alimjua mzee kwa miguu, kwa sauti na kwa mkongojo. Mzee naye alimheshimu. Kila mara, kabla hajakata kona ya nyumba, alikohoa, akagonga mkongojo mara mbili, halafu mara moja, ili binti wa watu apate kujisogeza.

Jioni ile hakukohoa wala hakugonga.

"Maji," alisema.

Atuganile akasukuma ndoo kwa mguu, nyuma nyuma. Ikanywewa yote, lita ishirini, bila pumzi, na jiko likanuka kama mtungi uliosahauliwa na maji yake ndani.

Hapa niwaeleze kwanza bomba la maji la kijiji chetu. Babu zetu walilijenga enzi za Mwingereza, na baba yake Yonasi alikuwa mmoja wa waliobeba mawe kichwani. Ni mnara wa pande nne, mrefu kama watu wawili waliobebana, mawe yamechongwa yakashikana hata kisu hakipiti. Chini yake kuna chumba cha giza inamoingia chemchemi, na juu ya chumba hicho mfuniko wa chuma. Kila upande una mdomo wa jiwe. Mitatu ilitoa maji. Wa nne, unaotazama msitu, ulichongwa kama wenzake lakini haukutobolewa, maana wazee walimwambia fundi, "Huo mwachie mwenye maji, yule wa chini. Asije akapanga foleni na sisi." Fundi alicheka, lakini aliuacha.

Mwaka huu ukaja ukarabati. Fundi mmoja wa mjini akasema mdomo mkavu unatia aibu kwenye picha. Yonasi, mtunza bomba, alimwambia taratibu, "Mwanangu, huo haujaharibika. Ndivyo ulivyokamilika." Wakautoboa. Jumatatu mchana Yonasi akashuka chumbani peke yake, na donge la udongo mkononi, ili auzibe.

Jioni hiyo ndipo ile miguu iliyolowa ikaja nyumbani.

Jumatano Atuganile alikuwa bombani na jirani yake Rozi.

"Mkweo siku hizi amekuwa bata?" Rozi akamchokoza. "Kila akipita anaacha dimbwi."

"Usimseme mzee, Rozi."

"Simsemi, namwonea wivu. Miguu yangu mimi imepasuka kama barabara ya Kamsamba."

Mara chini ya mfuniko pakagongwa. Mara mbili, halafu moja.

"Hewa hiyo," Rozi akasema. "Fundi alisema hewa inazunguka."

Lakini Atuganile alikuwa ameshageuka pembeni na khanga usoni. Mwili wake ulijua kabla yake.

Alimpigia mumewe Ezron, aliyekuwa na lori lake kwenye foleni ya mpakani Tunduma.

"Baba yako yuko chini ya bomba."

"Na nyumbani yuko nani?"

"Sijui, baba Tuntufye. Uso wake sijawahi kuuona."

Alhamisi Ezron akafika na Shehe Habibu, muuza matairi wa Tunduma ambaye pia husomea watu wenye mapepo. Ezron akamtazama aliyekaa kwenye kigoda: kovu la shavuni, pengo la jino, mvi.

"Ni baba," akasema.

Habibu akaweka kiganja kwenye kisogo cha mzee, akakitoa haraka. Akawavuta Ezron na Atuganile nje.

"Huyo amevaa sura tu," akanong'ona. "Mwenye sura yuko kule bombani, na bado anapumua. Leo. Kesho sijui."

"Kanisani watanisema, shehe."

"Wakuseme ukiwa na baba." Akamgeukia Atuganile. "Damu ya mwana ndiyo itamshika huyu, kwa hiyo mumeo anabaki na mimi. Wewe nenda ufunue mfuniko. Mzee atakapopanda mtazame usoni, usimwachie mpaka miguu yake ikanyage jua. Jicho lako ndilo kamba yake."

"Mimi ni mkwe wake, shehe."

"Hakuna mtu mzima mwingine wa nyumba hii."

Akaenda. Jua la saa sita lilikuwa utosini, akasukuma chuma, akapiga magoti, akakaza macho kwenye lile giza linalonuka jiwe bichi, na kutoka nyumbani kisomo kikapanda, na ndani ya kisomo kitu kikalia kama maji yanayokwama kwenye koo la bomba, kikalia na kulia, mpaka chini ya macho yake maji yakagawanyika na mkono ukashika ngazi, mkono anaoujua, ukifuatwa na mvi zilizoganda udongo, ngazi moja, ngazi ya pili, paji la uso likianza kuingia kwenye mwanga, na mzee wa watu, asiyejua lolote la masharti ya shehe, akaona kivuli cha mwanamke juu yake, akakohoa, ili mkwewe apate kupisha.

Shingo haikumwuliza Atuganile. Iligeuka.

Hakusikia kishindo. Aliporudisha macho maji yalikuwa yametulia kama hayajawahi kuguswa. Alilala kifudifudi akaita, kwa jina kabisa, Yonasi, Yonasi, mpaka Rozi akaja kumwinua.

Msimlaumu, wanangu. Adabu uliyoinyonya kwa mama haiombi ruhusa.

Habibu alitoka amelowa jasho, akatafuta viatu vyake, hakumwangalia mtu. Ezron akarudi kwenye lori; foleni ilikuwa imesogea.

Sasa hapa Ihanda wanasema mke wa Ezron amepotoka, anamkodolea mkwewe macho mchana kweupe. Ni kweli. Humwekea ndoo miguuni, akakaa mbele yake bila khanga usoni, akamtazama. Hana tena mkwe wa kumwonea haya. Naye huyo wa kigodani akishamaliza maji humtazama vilevile, wala hapepesi.