Benchi la Walokole

Nyumba ya mlokole hainuki rubisi, pombe ya ndizi, lakini ya Kahigi kule Kibingo ilinuka. Mkewe Deodatha alipiga deki, akafua mapazia, akaacha madirisha wazi kutwa, na harufu ikakaa palepale kama mwenye nyumba.

Wala mumewe hakuwa ameteleza. Tangu aokoke, Kahigi hakugusa pombe. Mtu yuleyule aliyempiga Deodatha mpaka majirani wakachoka kuamulia, sasa alimchotea maji na kumwombea kwa jina. Deodatha aliipenda ndoa hii mpya kwa hofu. Asingekubali mtu airudishe ile ya zamani, awe hai au mfu.

Walipookoka waliambiwa wachome vya zamani vyote. Vibuyu viliungua, hirizi ziliungua. Kahigi akakwama kwenye obwato, mtumbwi wa mti ambamo wazee wake walikanyagia ndizi za pombe. Marehemu baba yake hakuonja rubisi kabla ya kummiminia humo yule mzimu wasiyemwona.

"Huu ni wa tata, baba yangu," alisema. "Nitaupindua uwe benchi. Wapendwa wakiukalia na kuomba, utatakasika."

Ujanja wa mtu asiyetaka kuachana na cha kwao! Mtumbwi ukaingia sebuleni kifudifudi, ukatandikwa kitambaa cheupe.

Jumatano alasiri jumuiya ilikuja kusali. Mwinjilisti Theoneste, ambaye maishani hajaonja pombe hata tone, akaukalia. Katikati ya maombi akaanza kuyumba, povu likimtoka mdomoni.

"Mwinjilisti, unaumwa?" Deodatha alinong'ona.

Akafumbua macho mekundu. Sauti iliyojibu ilikuwa nzito, na ilitoka chini yake, ndani ya mti.

"Nani amenilaza kifudifudi? Nina kiu, nanyi mmeniziba mdomo kwa makalio yenu."

"Mawe, mama yangu!" Kahigi alimgeukia mkewe. "Mama Ainebyona, tuupindue tu. Tumpe kidogo, atulie."

"Kidogo ndicho kilichokuwa kinakurudisha hapa na fimbo," Deodatha alimjibu kwa sauti ya chini. "Shika huku."

Wakamlaza Theoneste pembeni, wakaukokota mtumbwi hadi migombani, nao ukazidi kuwa mzito kila walipovuta, ukigonga kutoka ndani ilhali ulikuwa mtupu, na harufu ya ndizi zilizovunda ikawajaa kooni mpaka wengine wakatapika, na Deodatha akamwaga mafuta ya taa huku akilitaja jina la Yesu bila kupumua, akiogopa kwamba akinyamaza tu, kile kitu kitalitaja jina lake yeye.

Moto ukashika. Mti ukapiga yowe moja, ukanyamaza. Theoneste akazinduka, akaomba maji.

Watu walilia kwa furaha, wakaimba tenzi mpaka majivu yakalala. Kahigi aliimba kuwashinda wote. Wenzake walipomaliza, yeye aliendelea, ila wimbo haukuwa tenzi tena. Ulikuwa wa Kinyambo, wa wakanyagaji, na sauti ilikuwa ya marehemu baba yake. Alikuwa amevua viatu. Alisimama katikati ya makaa, akikanyaga taratibu, na nyayo zake hazikuungua.

"Baba Ainebyona," Deodatha alinong'ona, "toka kwenye moto, mume wangu."

Kahigi akamgeukia, akatabasamu.

"Leta majani ya kukanyagia, wewe mwanamke. Ndizi zimeiva."

Mkono wa Deodatha ukainuka wenyewe, ukafunika uso, kama miaka ile.