Yaya, Haiko Jus, Iko Kibuku

— Nkandu! Toa ile tuyau mu kinywa! Mpaka ku barabara bantu banasikia unaimba!

— Acha niimbe, Bénit. Leo iko siku ya bouteilles.

Na kweli ilikuwa siku ya chupa. Nkandu alikuwa amekaa chini uani kwake, Kasungami, ncha moja ya mpira ndani ya pipa, ncha ya pili mdomoni. Kibuku chake, pombe ya mahindi aliyoichuja kwa kitambaa mpaka ikang'aa, kilisifiwa hadi Ruashi. Tabu ilikuwa kukiingiza kwenye chupa. Ili kitoke pipani ilibidi akivute kwa pumzi, na kila alipovuta, funda moja lilipitiliza tumboni. Chupa zikijaa, mpishi naye amejaa. Wateja wajanja walisubiri saa hiyo ndipo waje, maana alikuwa akitoa nyongeza kwa mkono mkunjufu.

Bénit alikuwa mtu wa Butembo, mwenye gereji ndogo ya malori huko Ruashi. Mwimbaji wa kwaya, pombe haonji hata tone. Wanawake wote waliojaa Lubumbashi hawakuonekana, moyo wake ukaenda kutua kwa mpika kibuku! Mapenzi hayachagui, jamani.

— Nitakutengenezea machine, alisema akimnyang'anya ule mpira. Ya kujaza na ya kufunga. Weye utaketi tu kama madame.

— Na nikisha kuketi kama madame, utanioa lini?

Bénit akashikwa na kikohozi cha ghafla.

— Machine kwanza, chérie.

Lakini kwenye mashine hakuwa na mzaha. Alichukua vyuma vya kitanda kibovu, akavichomelea vikawa meza ndefu ya kupandisha pipa juu. Mwisho wa mpira akatia kibomba chenye springi: ukikigusisha kitakoni ndani ya chupa, kibuku kinashuka; ukikiinua, kinakatika. Kwa kufunga vizibo alitumia jeki ya lori. Chupa inasimama juu ya jeki, unapampu, inapanda taratibu mpaka kizibo kinabanwa kwenye chuma cha juu. Chupa za kwanza zilipasuka vitako. Akazitandikia kipande cha tyubu ya gurudumu, na kizibo kikakaa sawasawa. Nkandu alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

— Inabakia kintu moja, alisema. Kibuku itaanza kushuka namna gani?

— Kwa kunyonya. Si kama mazout ya camion? alisema Bénit, aliyezoea kuvuta dizeli hivyo kwenye malori.

— Apana! Kunyonya njo kunaniua! Ujaze tuyau na maji kwanza, uzibe na kidole, kisha uachilie.

— Nkandu, miye mécanicien. Tangu utoto nanyonya mazout, sijakufa.

— Mazout, weye haumezake.

Jumamosi wakaijaribu kwa pipa zima. Bénit alikuwa anapampu jeki, mikono imelowa, simu ikalia.

— Ni yaya yangu. Bonyeza haut-parleur, chérie, tusikie bote.

Mbambu, dada yake mkubwa, aliuza bidhaa za jumla Kampemba, na ndiye aliyekuwa mkuu wa familia yao hapa mjini. Bila neno lake hakuna mbuzi wa mahari wala harusi.

— Bénit! Niko mu taxi, nakuja Kasungami. Ku gereji yako bamenielekeza nyumba ya ule binti.

— Leo? Yaya, tulisema juma ingine!

— Subira imenishinda. Bashangazi bote ba Butembo banafurahi. Nimebaambia vile uliniambia: mutoto muzuri, anatengeneza jus ya nanasi, hata harufu ya bière hajuake. Anichungie glasi moja ya ile jus!

Simu ikakatika. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bénit iliishia hapo hapo kando ya jeki.

— Jus ya nanasi, alisema Nkandu.

— Chérie, nitakueleza.

— Nanasi iko wapi hapa? Nionyeshe hata ganda.

— Yaya ni mama ya église, mutu ya maombi. Niliogopa atakukatala.

— Yeye anikatale, ao weye njo umenikatala? Hii kazi ilisomesha bandugu yangu, Bénit. Ilizika baba yangu. Miye sina haya nayo. Weye njo uko na haya.

Bénit aliona kwamba amemuumiza kweli kweli.

— Sikia muzuri. Yaya yako akifika, umuambie na kinywa yako miye nafanya kazi gani. Ukisema jus, ubebe machine yako na usirudie hapa.

Akaingia ndani kubadili nguo, akabamiza mlango.

Mwanaume jasiri angekaa akangoja. Bénit alikimbilia pipa. Alijiambia kwamba kibuku chote kikiingia kwenye chupa, na chupa zikiingia chini ya turubai, Yaya atakuta uwanja safi na maneno yatajipanga yenyewe. Akanyonya mpira. Chupa kadhaa zikajaa, hewa ikaingia, kibuku kikakatika. Akanyonya tena. Kikakatika tena. Mtu wa mazout anajua kutema, ni kweli. Lakini mazout inachoma ulimi, na kibuku cha Nkandu ni kitamu. Baada ya muda hakukumbuka kutema, wala hakukumbuka kwa nini alikuwa na haraka.

Mbambu aliposukuma geti, Biblia kwapani, alimkuta ndugu yake amekumbatia jeki, anaimba wimbo wa kwaya kwa maneno ambayo kwaya haijawahi kuyaimba.

— Bénit?

— Yaya! Karibu! Haiko jus!

— Unasema nini?

— Haiko jus, iko kibuku! Bingwa ya kibuku ya Kasungami njo muke wangu! Namupenda yeye, naipenda machine, na weye nakupenda!

Nkandu akatoka na kitenge chake cha sikukuu. Alitazama pipa, akatazama mpira, akaelewa yote.

— Jambo, mama. Miye njo Nkandu.

— Weye njo ulimunywesha ndugu yangu?

— Apana, mama. Alinyonya tuyau, nilimukataza. Lakini kibuku ni yangu, na kazi ni yangu. Jus haikuwakamo hapa hata siku moja.

— Umesikia, chérie? Bénit alipaza sauti kutoka chini. Nimesema!

— Nimesikia. Lakini maneno ya kibuku siipokei, miye njo naipika, naijua. Utasema wakati akili itarudia.

Wale wanawake wawili walimshika huku na huku, wakamburuta hadi kivulini. Mbambu akamwambia Nkandu maneno machache, akarudi kwenye taksi, uso umekunjamana. Bénit alipozinduka alikuta ujumbe kwenye simu:

"Kesho kisha culte, mu uwanja ya église. Ukuje na akili. Yaya."

Na chini yake, wa pili:

"Yaya yako ameniambia. Nitakuwa ku geti. Nitasikia. N."

Jumapili aliimba kwaya macho yamefumbwa, kila ngoma ikimpiga yeye kichwani. Ibada ilipokwisha, Mbambu alikuwa anamngoja uwanjani, katikati ya akina mama wenzake.

— Bénit, sema na sauti. Ule mwanamuke unataka kuoa anafanya kazi gani?

Aliwatazama wale mama. Akatazama getini. Nkandu alisimama pale, hakucheka, hakupunga mkono. Angeweza kusema "anafanya commerce" na hakuna ambaye angemuuliza zaidi, lakini angempoteza yule wa getini.

— Anapika kibuku, Yaya. Anaichuja, anaiweka mu bouteille, anauzisha. Jus niliitunga miye, juu niliogopa weye na hizi bamama. Haya ilikuwa yangu, haikukuwa ya kazi yake. Na machine ya kufunga bouteille nilitengeneza na mikono yangu.

— Yesu! mama mmoja alisema.

— Umekunywa leo? Mbambu aliuliza.

— Maji tu, Yaya. Na comprimé ya kichwa.

Mbambu alishusha pumzi.

— Miye bière sinywake, na sitakunywa. Lakini mama yetu alikuwa anakamua kasiksi, pombe ya ndizi, na weye mu mugongo yake. Njo ilikulisha. Kibuku haikuniuma. Uongo njo iliniuma. Jana nilipigia bashangazi ba Butembo, nikabaambia yote.

— Balikasirika?

— Baliuliza kama kibuku inapandaka ndege.

Akina mama wakaangua kicheko, hata yule wa "Yesu". Bénit akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. Nkandu alipita katikati yao mpaka akasimama mbele yake.

— Mama, miye sijajibu bado. Bénit, rudilia.

— Nirudilie nini?

— Kazi yangu. Pasteur alikuwa mbali, hakusikia.

Bénit alivuta pumzi, akatoa sauti yote aliyopewa na Mungu kwa ajili ya kwaya:

— Mupenzi wangu anapika kibuku!

Pasta akageuka. Kwaya nzima ikageuka. Nkandu akatabasamu.

— Sawa. Sasa lete mbuzi.