Sisimizi Katika Chupa ya Vitamini

Yowe lilipigwa saa moja na nusu asubuhi, chai ikiwa bado haijamiminwa. Fundi cherehani alikuwa amefungua chupa yake ya vitamini na kudondosha kiganjani kidonge chekundu cha kila siku, na sisimizi wakatoka nyuma yake kwa msururu, bila haraka, kama wenye nyumba.

"Sumu!" alilia. "Nimewekewa sumu ndani ya nyumba yangu!"

Saa mbili ilipogonga, dada yake mkubwa alikuwa ameshasimama jikoni. Huyu alistaafu upolisi akiwa mpelelezi, na mtaa mzima ulimwita Inspekta hadi leo, jambo ambalo hakuwahi kulikataza. Alikagua meza: chupa, glasi ya maji, sisimizi. Sisimizi wote walikuwa wazima, tena wamechangamka. Sumu gani hii inayowapa wadudu shangwe, alijiuliza.

"Nani anakuhudumia vidonge?"

"Mkwe wangu. Kila asubuhi, yeye na glasi yake ya maji." Fundi akashusha sauti kiasi cha kusikika barabarani. "Juzi tu kaolewa, keshanichoka! Mwanangu akirudi safari jioni namwambia achague, mama au mke."

Mkwe mwenyewe alikuwa mlangoni. Aligeuka akaenda chumbani, na begi likasikika likiburutwa kutoka uvunguni. Mume wa fundi, aliyekuwa mpishi wa shule ya bweni maisha yake yote, aliendelea kukoroga uji ulioiva zamani.

Inspekta aliumia roho. Hakuna kitu alichokichukia kazini kama mtu kuhukumiwa kabla ya kuhojiwa. Akamfuata binti chumbani.

"Umeigusa ile chupa?"

"Mama mkubwa, mimi nabeba glasi tu. Chupa hataki hata niishike, anaificha kabatini jikoni."

"Sasa kama huna kosa, unaondoka kwa nini?"

Binti alishindilia gauni ndani ya begi. "Nikingoja jioni, mume wangu atalazimishwa kuchagua. Sitaki niwepo nimwone akichagua."

Inspekta alirudi jikoni mbio. Jioni haikuwa mbali kiasi hicho.

Kabatini palikuwa na chupa nyingine mpya, haijafunguliwa. Aliivunja muhuri, akatia kidonge mdomoni, akakitafuna. Uso wote ukakunjamana. Kilikuwa kichungu ajabu. Baada ya hapo akachukua kidonge kutoka chupa ya sisimizi, akakipuliza, akakitafuna nacho. Hiki alikimaliza.

"Peremende," alitangaza, kisha akala ya pili kwa ajili ya ushahidi. "Aliyekuuzia vidonge hana hatia. Chupa ikifika hapa ni vitamini, ikishafunguliwa inakuwa peremende. Wewe hukuonja utamu?"

"Navirusha kooni nashushia maji, ulimi haupati habari. Lakini haiwezekani, dada! Mimi nilivyopata nguvu! Mwanzoni vilinichafua tumbo, hata harufu ya chakula siitaki. Mwili ulipovizoea nikaanza kula, nikanawiri. Nimewahubiria wanawake wa mtaa mzima."

"Na haja ndogo ilikuwa rangi gani?"

"Dada!"

"Jibu swali."

Fundi aliangalia dari. "Siku za mwanzo ilikuwa njano ya kutisha. Muuza vidonge akasema ni vitamini zilizozidi, zinatoka. Baadaye ikarudi kama zamani. Nikajua sasa mwili unazitumia zote."

Inspekta akatabasamu, akafungua kabati la vyombo, akatoa vikombe vitatu vyeupe ambavyo havikutumika tena kwa chai tangu siku hiyo.

"Kila mtu na chake. Binti naye aitwe."

"Hata mimi?" aliuliza mpishi.

"Hata wewe, shemeji."

"Mimi saa hizi sijisikii."

"Kunywa maji. Mimi mstaafu, sina pa kuwahi."

Fundi alikwenda akilalamika, mkwe alikwenda amenuna, na mpishi alikwenda kama anayepelekwa mahabusu. Saa nne kasoro vikombe vilikuwa vimepangwa dirishani kwa nje. Viwili havikuwa na la kusema. Cha tatu kilikuwa njano kama rangi ya ukutani.

"Shemeji," alisema Inspekta kwa upole, "vitamini za mke wako anakunywa nani?"

Mwiko ulimponyoka mpishi.

"Mimi." Alimgeukia mkewe. "Muuguzi alikupima mbele yangu, mama. Akasema huna upungufu wowote, vidonge ni vya aliyepungukiwa au mjamzito, wewe kula vizuri tu. Ukaja hapa ukaacha kula, ukawa unaishi kwa vidonge na chai. Shule nzima ililamba sahani zangu, mke wangu ananirudishia sahani imejaa! Na unakonda nakuona. Niliogopa utanifia. Kukukataza ningeanzia wapi? Nikabadilisha."

"Na vya kweli ukavinywa wewe?"

"Kutupa kitu cha bei siwezi."

"Vikakusaidia nini?" aliuliza Inspekta.

Mpishi alifikiri kwa uaminifu, akatupia jicho dirishani. "Rangi tu."

Inspekta alijikaza asicheke. "La peremende nimekuelewa. La binti je? Umesikia anaitwa muuaji, wewe unakoroga uji."

Mpishi aliinamisha kichwa. "Nilimwogopa mke wangu. Naona aibu, shemeji."

Fundi hakumtukana. Alisimama, akaelekea chumbani, na dada yake akamfuata hadi kizingitini, maana kwake kesi haikuisha mpaka mshukiwa aachiwe.

Begi lilikuwa limefungwa. Fundi alipiga magoti, akavuta zipu, akaanza kutoa nguo mojamoja na kuziweka kitandani. Alipofika kwenye gauni la bluu aligeuza upindo kwa kidole.

"Umefumuka huu. Kesho nitakushonea."

"Neno kwanza, mama," alisema binti, akisimama palepale. "Upindo baadaye."

Fundi aliuachia upindo. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake haikufika barabarani, haikufika hata jikoni.

"Nimekukosea, mwanangu. Usiondoke."

Binti alimwachia gauni. "Leo, basi. Nataka nilivae jioni akija."

Fundi akaenda kuwasha taa ya cherehani.