Mashavu kwenye Maikrofoni

— Angalia weye mwenyewe, mutoto yangu. Miye sisemi kitu. Naonyesha tu.

Maman Mauwa hajawahi kusema kitu maishani mwake. Yeye huonyesha tu. Ibada ya Jumapili ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha, watu wamesimama mlangoni pa kanisa pale Ixelles, Ubelgiji, na simu yake ilikuwa imeshapita mikononi mwa akina mama watatu kabla ya kumfikia Kahambu.

Kahambu akatazama. Sekunde ishirini tu. Lucien wake, banjo kifuani, na Tatiana, msichana wa fidla, wamekaribiana shavu kwa shavu. Wanatazamana machoni. Wanaimba, wanatabasamu.

— Ni Namur, jana, Maman Mauwa akaongeza. Na samedi hii njo présentation yenu, siyo?

Ndiyo. Jumamosi hiyo Lucien alitakiwa kufika nyumbani kwa Papa Antoine, baba yake Kahambu, kule Jette, ajitambulishe rasmi kama mchumba. Na tayari kulikuwa na kigingi. Lucien alitoka Bukavu mkimbizi, peke yake, hana ndugu Ubelgiji nzima. Papa alishasema wazi kwamba binti yake haendi kwa mtu asiye na wa kumsemea.

Kahambu akaandika ujumbe palepale:

"Nimeona video ya Namur. Samedi usikuye. Bakia na Tatiana yako."

Simu ikalia kabla hajaitia mkobani.

— Kahambu, sikiliza...

— Nimeona! Shavu kwa shavu, Lucien! Mbele ya batu!

— Micro iko moja tu! Tuko batu ine, micro moja. Tunaimbaka vile!

— Unaniona mutoto?

— Bon. Jeudi ni férié, hauko na kazi. Tuko naimba hapa Ixelles, quinze heures. Miaka mbili nakuita, weye ni hôpital tu. Simu inaonyesha batu babili. Kuya uone bote.

Hapo Lucien alimpata. Kahambu alikuwa muuguzi msaidizi hospitalini Jette, na zamu za usiku za wikiendi zilikuwa zake. Bendi ya mpenzi wake aliijua kwa kusimuliwa. Alijua kwamba vijana hao wanne walikutana stesheni ya Gare du Nord, kwenye jukwaa la tisa, quai neuf kwa Kifaransa, wakisubiri treni iliyochelewa, ndipo wakajiita Quai Neuf. Alijua wanapiga bluegrass, muziki wa milimani kwa Wamarekani, hauna ngoma wala gitaa la umeme. Mara ya kwanza, mwaka 2011, walisikilizwa na watu kumi na mmoja, akiwemo mpishi. Hawakukata tamaa. Wakajibana na besi yao kwenye gari la Wout, mpiga besi, wakaenda Ghent, wakaenda Lille, wakaenda vijiji ambavyo hata Wabelgiji huvitafuta kwenye ramani. Kila waliporudi mahali, wale wa kwanza walikuwa wameleta wenzao. Haba na haba hujaza kibaba.

Alhamisi, saa tisa alasiri, akaenda. Papa Antoine naye akavaa kofia.

— Nitaenda kumuona na macho yangu mwenyewe, alisema.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Viti vimekwisha, watu wamekaa ngazini, wengine wamepanda treni kutoka Namur kuja kusikia tena walichosikia Jumamosi. Kahambu alikuja na hasira yake yote, lakini muziki ulipoanza hakujua ameiweka wapi. Vidole vya Lucien kwenye banjo vilikuwa kama mvua juu ya bati. Alipomaliza akarudi nyuma hatua moja, Tatiana akaingia mahali pake, upinde wa fidla ukapita pembeni ya sikio la Joël wa mandolini bila kumgusa. Hakuna aliyemkanyaga mwenzake.

Kisha kikafika kiitikio. Wote wanne wakaweka vichwa pamoja mbele ya maikrofoni ile moja. Wout, Mflemi mkubwa kama mlango, akainama, ndevu zake zikamgusa Lucien shavuni. Wakatazamana machoni. Wakatabasamu.

— Kahambu, Papa akanong'ona.

— Papa?

— Ule muzungu wa ndevu, naye njo mupenzi yake?

Kahambu akacheka mpaka machozi yakamtoka. Sasa aliona. Bila ngoma ya kuwashikia mdundo, walishikana kwa macho. Waliangaliana ili wavute pumzi pamoja. Akaona haya, na akamwonea fahari mtu wake kuliko siku zote.

Baada ya onyesho Tatiana ndiye aliyewahi kufika.

— Njo weye Kahambu? Bwana yako anakulaka makayabu, ile samaki ya chumvi ya kunuka, ndani ya gari, kisha anakuya kuimba mbele ya pua yangu. Ile shavu, maman, chukua! Nakupatia!

Lucien alisimama nyuma yake na banjo mkononi.

— Samedi nikuye, ao nisikuye?

— Nilikukosea, Lucien. Unisamehe. Kuya.

— Akuye, Papa Antoine akasema. Lakini swali yangu iko palepale. Nani atamusemea?

Lucien akawageukia wenzake watatu.

Jumamosi kengele ya mlango ikalia. Jamaa na waumini walijaa sebuleni, Maman Mauwa akiwa kiti cha mbele. Mlangoni walisimama wanne, Wout amebanwa na suti, Tatiana amevaa kitenge. Watatu wakamsogeza Lucien nyuma, wakaweka vichwa pamoja, wakatazamana, wakavuta pumzi.

— Papa Antoine, wakasema kwa sauti moja, siye njo familia ya Lucien. Tumekuya kumusemea.

Walikuwa wamefanya mazoezi garini njia nzima kutoka Ghent, walikoimba jana yake. Papa akawatazama mmoja mmoja, akaishia kwa Wout.

— Na siku mutoto yangu atalia, nitaita nani?

— Miye, Papa, Wout akajibu kwa Kiswahili chake cha Kiflemi. Niko na camionnette, ile gari ya bendi. Nitamuleta Lucien hapa, aombe pardon.

Sebule nzima ikaangua kicheko. Papa alivua kofia, akafuta macho.

— Muingie, batoto yangu. Bote ine.

Maman Mauwa alikuwa ameshanyanyua simu. Kahambu, mkono wake ndani ya mkono wa Lucien, akamgeukia.

— Piga, maman, piga tu. Lakini leo rudi nyuma kidogo, uchukue batu bote.