Sentimita Kumi na Nane

"Umegusa mstari."

"Sijagusa. Mstari ndio umenigusa."

"Tuva, acha utani. Rudi nyuma ujaribu tena."

Tuva Brekke akarudisha kiti chake cha magurudumu katikati ya choo. Choo chenyewe kilikuwa cha selotepu ya njano, kimebandikwa kwenye sakafu ya ofisi ya wasanifu majengo mjini Trondheim kwa ukubwa uleule ambao kingejengwa: ukuta hapa, sinki pale, mlango kule karibu na mashine ya kahawa. Ndio ulikuwa utaratibu wake. Yeye ndiye mshauri wa ofisi, wa kuhakikisha jengo linaingilika na kila mtu, na hakuna mchoro aliouwekea sahihi kabla hajauingia kwa magurudumu yake mwenyewe. Wenzake walimcheka kwamba anacheza nyumba-nyumba. Akawaacha wacheke.

Akasukuma gurudumu la kulia mbele, la kushoto nyuma. Alipofika nusu ya mzunguko, ncha za viatu vyake zikavuka mstari. Hiyo ilikuwa mara ya nne.

"Haya, ukuta nimeubomoa," akasema. "Na vidole nimevunja."

Halvard Moen hakucheka. Huyu ndiye aliyelichora jengo lote, bwawa jipya la kuogelea la manispaa, na ndiye mchumba wa Tuva pia. Harusi ilipangwa Juni ijayo. Siku nyingine angecheka hata utani wake uliochacha, lakini leo alisimama na kikombe kitupu mkononi kama mtu aliyesahau njia ya mezani.

"Labda wamebandika vibaya."

"Akina nani? Nimebandika mimi."

"Basi hicho kiti chako kipya ni kirefu."

Tuva akamgeukia polepole. "Kiti changu?"

"Nimesema labda."

"Nipe mchoro. Na rula."

"Saa tisa na nusu hii, mpenzi. Kesho basi..."

"Kesho manispaa wanataka sahihi yangu, na Jumatatu mkandarasi anamwaga zege. Nipe mchoro, Halvard."

Msanifu anayeijua kazi yake huchora mduara ndani ya choo cha mtu wa kiti cha magurudumu. Mduara huo ndio nafasi ya kugeukia: mita moja na nusu, wala haupungui. Ukikaa ndani ya kuta bila kuzigusa, chumba kimefaulu. Katika mchoro wa Halvard ulikaa vizuri mno, na katikati yake pameandikwa 150. Tuva akaweka rula. Akaiondoa, akaiweka tena kwa upande mwingine, maana macho hudanganya.

"Mia na thelathini na mbili."

Akausukuma mchoro mbele ya Halvard.

"Umeandikwa mia na hamsini, umechorwa mia na thelathini na mbili. Sentimita kumi na nane zimekwenda wapi? Mduara haunyauki wenyewe. Nani kaupunguza?"

Kikombe kikawekwa mezani.

"Mimi."

"Wewe?"

"Ukuta wa kioo wa sauna ya mvuke ulikuwa mbele yake. Ningeuacha mduara ulivyo, kioo kingekunjwa, na uso wote wa jengo ungeharibika. Nikaupunguza. Nikajiambia nitaurudia."

"Lini ilikuwa hiyo?"

"Zamani, wakati wa mashindano ya kugombea kazi hii. Kabla sijakujua, Tuva, naapa. Sikuwa namjua hata mtu mmoja wa kiti cha magurudumu. Kwangu ule ulikuwa mduara tu."

Hapo moyo wa Tuva ukalegea, tusimfichie siri. Nani hakufanya ujinga kabla hajajua? Alikuwa karibu kumshika mkono sauti ya Reidun Falk ilipopita mlangoni. Reidun ndiye mwenye ofisi, mama wa miaka sitini ambaye hajawahi kupaza sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji.

"Halvard, niletee faili la mkandarasi. Tuva, bakia kidogo."

Halvard akatoka. Reidun akavuta kiti, akakaa katikati ya choo cha selotepu bila kujua.

"Nimesikia. Sasa andika hivi: choo kitarekebishwa baadaye. Kisha weka sahihi."

"Baadaye lini? Zege likishakauka?"

"Sentimita kumi na nane, Tuva. Wewe mwenyewe nimekuona unapita sehemu ambazo hata mimi nasita. Ulipanda boti ya mkurugenzi siku ile, tukakupigia makofi!"

"Nilibebwa kama gunia, Reidun."

"Basi nisikilize kama mama." Akasogea karibu. "Wiki ijayo jina la Halvard linabandikwa mlangoni chini ya langu, anakuwa mshirika. Ukiyasema haya kesho mbele ya manispaa, jina haliendi popote. Utaanza maisha na mwanaume mwenye kinyongo. Penda kazi yako, lakini nyumba yako ipende zaidi."

"Nitajibu kesho."

"Kesho utaweka sahihi," Reidun akasema kwa upole, akaondoka.

Tuva aliukunja mchoro, akauweka mapajani, akaenda kupanda basi. Kichwani alikuwa anatafuta njia ya kumwokoa Halvard. Amwombe mwenyewe aungame? Waombe manispaa wiki moja? Mtu aliyekosea kwa kutojua anastahili njia, akajiambia. Basi lilipofika darajani akaufungua mchoro atafute pa kuzipata zile sentimita.

Macho yakaangukia kisanduku cha pembeni, kile ambamo msanifu huandika kila badiliko na tarehe yake. Watu hawakisomi. Mstari wa mwisho ulisema: *Choo, mduara. 9 Mei. HM.*

Mei ya mwaka huu. Wakati huo walikuwa na mwaka mmoja pamoja, na wiki chache tangu wachumbiane wakati wa Pasaka.

Akachukua simu, akamwandikia Halvard.

*Tarehe 9 Mei.*

Jibu likachelewa. *Nini hiyo?*

*Kisanduku cha mabadiliko. Kasome mwenyewe. Umeniambia kabla hujanijua.*

Simu ikaita. Akaikata. Ikaita tena, akaipokea.

"Tuva, ngoja nikueleze..."

"Tarehe saba Mei tulikwenda kula wapi?"

"Tuva..."

"Wapi!"

"Bakklandet. Ule mgahawa wa samaki."

"Choo cha watu kama mimi kilikuwa kimejaa viti vya watoto na ndoo za kudekia. Ukamwakia mwenye mgahawa, 'hiki ni choo, siyo stoo,' mpaka akaniomba radhi mbele ya wateja. Nilirudi nyumbani nikampigia mama yangu simu. Nikamwambia, mama, mume nimempata. Siku mbili, Halvard! Siku mbili baadaye ukakaa mezani ukapunguza mduara!"

Mama mmoja kwenye kiti cha mbele akaanza kutazama nje kwa bidii, ingawa nje kulikuwa giza la Novemba na hakuna cha kutazama.

"Niliogopa kukupoteza," Halvard akasema.

"Uliogopa lini, ulipochora au uliponidanganya leo?"

"Leo."

"Na ulipochora?"

Tuva hakungoja jibu.

"Usije kwangu. Kesho nitausema ukweli wote, na hilo jina lako libaki nje ya mlango."

Akakata, akalia palepale bila kujificha. Uchungu haukuwa kwamba amemchukia. Laiti angemchukia! Alikuwa bado anampenda, na kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa saa tatu walikutana ofisi za manispaa. Oddvar, afisa wa majengo, alikuwa ameleta kahawa ya chupa na vitafunwa, ana furaha ya mtu anayeiona wikendi. Reidun alikaa kichwani mwa meza. Halvard aliingia wa mwisho, macho mekundu, bomba la michoro kwapani. Tuva hakumsalimia.

"Basi tusipotezeane muda," Oddvar akasema. "Tunangoja sahihi ya Tuva tu, jioni tukale taco zetu, chapati za nyama za kila Ijumaa."

Tuva akavuta pumzi. Maneno alikuwa ameyapanga tangu alfajiri. Akafungua mdomo, na Halvard akasimama.

"Kabla hajasema, nina neno."

"Halvard, kaa," Reidun akasema.

"Sikai. Oddvar, huu mduara ni wa uongo. Umeandikwa mia na hamsini, una mia na thelathini na mbili. Mtu wa kiti cha magurudumu ataingia humo na hataweza kugeuka."

"Ni kosa la uchoraji," Reidun akadakia. "Yanatokea."

"Siyo kosa. Niliupunguza kwa mkono wangu, tarehe tisa Mei, ili ukuta wangu wa kioo usikunjwe. Na nilijua. Mchumba wangu anatumia kiti, kwa hiyo nilijua kuliko mtu yeyote chumbani humu. Jana aligundua, nikamwambia nilifanya kabla sijamjua. Huo nao ulikuwa uongo."

Oddvar aliacha kitafunwa njiani kuelekea mdomoni. Halvard akafungua bomba, akatandaza karatasi mpya.

"Hapa kioo kimerudi nyuma. Jengo litakuwa na kona mbaya upande wa bahari, lakini kila mtu atageuka. Namwomba Tuva akikague kila chumba upya, asiamini hata mstari mmoja wangu."

Oddvar akamtazama Tuva. "Wewe unasemaje?"

"Siweki sahihi," Tuva akasema. "Siweki mpaka nipime vyote."

"Basi zege la Jumatatu limesimama." Oddvar akafunga faili.

Reidun alikusanya vitu vyake bila haraka. Alipofika mlangoni akasema, "Halvard, kuhusu lile jina, sahau. Nashukuru Mungu bango lilikuwa halijachongwa."

Tuva alikuwa ameshafika nje ya jengo Halvard alipomkuta. Theluji nyembamba ilikuwa inaanguka na kuyeyuka.

"Maneno yale yalikuwa yangu," Tuva akasema bila kugeuka. "Umeniibia."

"Nilijua utayasema. Sikutaka wewe ndiye uubebe mzigo wa kunivunja. Nijivunje mwenyewe."

"Usidhani umenilipa."

"Sidhani."

"Nina swali moja. Unijibu kweli, hata kama itaniua." Akageuza kiti wakatazamana. "Mkono wako ulipokuwa unapunguza ule mduara, ulinifikiria?"

Jibu la kumponya lilikuwa moja tu, hapana. Halvard alilijua.

"Nilikufikiria. Nikajiambia, Tuva ni hodari. Atajipenyeza. Huwa anaweza."

Hilo lilimchoma Tuva kuliko uongo wote wa jana. Miaka mitano ya chuo cha usanifu alipanda lifti ya mizigo, amebanwa na mbao na ndoo za plasta, na walimu wakamsifu kwenye hotuba. Walimpigia makofi kila mahali, lakini hawakumwekea hata lifti ya watu.

"Nimechoka kuwa hodari," akasema, machozi yakashuka. "Nimechoka, Halvard! Mnanisifu ili msisogeze ukuta. Sitaki sifa mimi. Nataka kuingia chooni, nigeuke, ninawe, nitoke, kama mama yako anavyotoka. Siku nzima ya kawaida, isiyopigiwa makofi. Hiyo ndiyo niliyodhani nitaipata kwako."

Halvard alikuwa analia pia. Hakujitetea, na hilo Tuva aliliona.

"Juni hakuna harusi," akasema.

"Najua."

"Hujui, kwa hiyo nisikilize. Kukupenda hakujapungua hata chembe, na hilo ndilo linaloniudhi. Kukuamini ndiko kumepungua, na huko hakurudi kwa maua wala kwa hotuba mbele ya Oddvar."

"Kunarudi kwa nini?"

"Kwa kazi. Utakuja kwangu kesho saa nne na michoro yote ya bwawa. Tunapima mlango mmoja mmoja, na nikichoka tunaendelea Jumapili."

Halvard akafuta uso kwa kiganja. "Na bwawa likiisha?"

"Kuna ukumbi wa harusi utakaotaka kupimwa. Labda mwisho wa mwakani, siyo kesho. Usitabasamu, bado nina hasira."

"Sitabasamu." Lakini midomo ilikuwa haimsikii. "Ule ukumbi wa mtoni ulioupenda... una vizingiti viwili. Utaweza kupita?"

Tuva alikuwa ameanza kuondoka. Akasimamisha magurudumu.

"Usiniulize mimi kama naweza kupita," akasema. "Kauulize mlango."

Halvard akafungua simu palepale, akatafuta namba ya ukumbi, akapiga.