Nani Anamkamata Fuatino Mguu?

Asubuhi Fuatino alimenya magimbi, akalisha nguruwe, akafua jezi za raga za mumewe, Semisi. Kisha akaenda nyumba ya wanawake kusuka mkeka.

Mkeka huo haukuwa wa kulalia. Ulikuwa mkeka laini wa heshima, wa kuonyeshwa kijiji kizima kabla ya kutolewa kwenye harusi ya wifi yake. Wanawake wanne walikuwa wameusuka kwa miezi mitano. Mkuu wao alikuwa Moelagi, mama mkwe wa Fuatino.

Fuatino alikuja kijijini kuolewa. Mke wa kuja huosha vyombo, huteka maji, na mikeka ikisukwa huachiwa kuchana majani ya mkadi. Lakini safari hii Moelagi alimpa pembe nzima ya mkeka aisuke. Wenzake walikohoa kidogo.

Basi Fuatino akasuka kama anafukuzwa. Mimba ilikuwa ya miezi saba, na miguu aliikunja kutwa, maana kumwelekezea mtu mzima nyayo ni kukosa adabu. Maji hakunywa. Anayekunywa huenda chooni, na anayekwenda chooni huachwa nyuma.

Usiku miguu ilidai haki yake.

"Mamaaa! Semisi! Mguu!"

Shavu la mguu lilikuwa gumu kama jiwe. Fuatino alivichongoa vidole kwenda mbele. Msuli ukazidi kukaza. Semisi, kifua kama mlango, alisimama katikati ya chumba ameshika mto.

"Nifanye nini?"

"Sijui! Fanya chochote!"

Akaanza kumpepea na mto.

Moelagi akaingia na taa. "Ni mzimu huo. Nilimwona jioni anaanua nguo, nywele kaziachia. Mjamzito! Jua linazama!"

"Mama, mzimu gani unashika mguu tu?" Semisi aliuliza.

"Unaanzia mguuni."

Usiku wa pili ikawa vilevile, na wa tatu. Moelagi akakata shauri. "Jumamosi utaenda kwa mama yako mpaka ujifungue. Mzimu wetu haujui njia ya huko."

"Na pembe yangu, mama?"

"Ataimalizia mwenzako Sulieti."

Fuatino akageukia ukutani, akalia kimya. Miezi mitano ya kazi, halafu sifa zimwendee Sulieti!

Ijumaa nesi Ianeta alikuja nyumba ya wanawake, kama ajavyo kila mwezi kupima wajawazito na watoto. Fuatino akamweleza. Nesi akaishika miguu yote miwili, akailinganisha.

"Mchana pia inauma?"

"Hapana, nesi. Usiku tu. Inakaza dakika moja au mbili, halafu inaachia."

"Vizuri. Ingekuwa mguu mmoja umevimba, una joto, umekuwa mwekundu au unauma bila kuacha, ningekupeleka hospitali leo hii. Na mtu asingeukanda, maana huenda damu imeganda ndani. Lakini huu ni msuli umekaza. Wajawazito wengi hupata."

"Ni mzimu," alisema Moelagi.

Nesi hakubishana naye. Semisi alikuwa nje akishusha mashelisheli. Nesi akamwita.

"Semisi, mwenzako akianguka uwanjani, shavu la mguu limekaza, unamwita mchungaji?"

"Hapana, nesi. Namnyoosha goti, nashika kiatu, nasukuma vidole virudi upande wake."

"Anapata nafuu?"

"Anainuka anakimbia."

"Na mkeo ulimfanyaje?"

Semisi akajikuna kichwa. "Nilimpepea."

Wanawake walicheka mpaka Sulieti akashika nguzo. "Majitu ya raga anayaweza, kashindwa na mguu wa kuku!" alisema.

"Mguu ni uleule," nesi alisema. "Fuatino, ukikaza, nyoosha goti, sukuma kisigino mbele, vidole vivute kwako. Usivichongoe, unauudhi zaidi. Ukiachia, ukande polepole, utembee kidogo. Na kabla ya kulala, simama ukitazama ukuta. Weka mikono ukutani, rudisha mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino chini. Egemea mbele mpaka usikie nyuma ya mguu inavutika. Hesabu mpaka thelathini, ubadilishe mguu. Fanya mara tatu. Mchana kunywa maji. Na usikunje miguu kutwa. Inuka utembee, na ukikaa, inyooshe."

"Niinyooshe mbele ya mama?" Fuatino alinong'ona.

Macho yote yakamwendea Moelagi. Bibi yule akavuta mkeka mkuukuu pembeni, akaurusha juu ya miguu ya mkwewe.

"Nyoosha. Kilichofunikwa sijakiona."

Fuatino akanyoosha. Akashusha pumzi ndefu.

"Na mimi nileteeni mkeka," alisema Moelagi. "Tangu ujana wangu natafuta sababu."

"Na mimi!" alidakia Sulieti. Punde wote walikuwa wamenyoosha miguu chini ya mikeka kama wagonjwa wodini, na mikono inasuka.

"Mama, na safari ya kesho?" Fuatino aliuliza.

"Safari gani? Suka."

Kila jioni Fuatino na Semisi waliegemea ukuta pamoja, utadhani nyumba inataka kuanguka. Juma la kwanza msuli ulikaza mara mbili. Semisi alisukuma vidole, ukaachia. Juma la tatu ulikaza mara moja tu. Fuatino aliutuliza mwenyewe, mumewe anakoroma. Maji alikunywa, chooni alikwenda, na kazi yake haikubaki nyuma. Mtu aliyelala vizuri husuka upesi.

Siku ya kuonyesha mikeka, wanawake waliibeba wakaizungusha kijijini wakiimba. Fuatino alishika pembe yake, tumbo mbele, akitembea bila kuchechemea. Mzee mmoja akasimama kuipapasa ile pembe.

"Hapa pamesukwa laini sana. Nani huyu?"

Fuatino aliinamisha kichwa, akangoja jina la mtu mwingine.

"Binti yangu," alisema Moelagi. "Fuatino."